Tupeane uzoefu: ulijuaje kuwa muda wa kuacha kazi ya benki umefika?

Mleta mada, Mkolani

Mwangaluka ndugu zangu wa Mwanza, na wengine wote wa kandokando ya ziwa.

Nina miaka 7 kwenye benki moja hapa mjini. Nilianza kwa kuzunguka na fomu za kufungulia akaunti pale Makoroboi, jua la saa saba kichwani, na sasa ni afisa mikopo wa biashara ndogo. Wiki iliyopita nilipigiwa simu na kampuni ya huduma ndogo za fedha, zile za Daraja la Pili zinazokopesha bila kupokea amana. Wananitaka niwe meneja wa mikopo wa kanda, nisimamie Mwanza, Sengerema na Geita. Mshahara wangu sasa ni 1,200,000 kabla ya makato. Wao wanasema 1,600,000. Jibu wanalitaka Ijumaa ya wiki ijayo.

Kazi yangu siichukii, naomba mlielewe hilo. Meneja wangu ni mtu mwema. Yeye ndiye aliyenifundisha kuusoma mzunguko wa duka kwa kutazama vumbi lililo juu ya bidhaa kabla ya kufungua daftari. Lakini miaka 3 mfululizo nafasi ya juu ikitoka anateremshwa mtu kutoka makao makuu, na mimi ndiye ninayemzungusha mjini kumwonyesha wateja. Mke wangu anasema nenda. Baba, ambaye amelima pamba Kwimba maisha yake yote, anasema benki ni benki, mtu hatoki benki kwa miguu yake.

Nawaomba waliohama, na waliokataa kuhama. Siku mlipoamua mlikuwa mnaangalia nini? Na kitu gani mlisahau kuuliza, mkaja kukijutia?

Mhasibu, Buzuruga

Hongera mkuu. Kabla visa havijaanza tupige hesabu kwanza, maana wengi tunalinganisha namba za juu halafu tunashangaa mwisho wa mwezi.

Kwa 1,200,000 unakatwa asilimia 10 ya NSSF, mfuko wa pensheni, yaani 120,000. Kodi inapigwa kwenye 1,080,000 inayobaki: 128,000 kwa milioni ya kwanza, na asilimia 30 ya ile 80,000 iliyozidi, ambayo ni 24,000. Jumla ya kodi 152,000, unabaki na 928,000. Kama Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu bado inakudai, wanachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 180,000. Mkononi inafika 748,000.

Sasa 1,600,000. NSSF 160,000, kodi 260,000, Bodi 240,000. Mkononi 940,000.

Kwa hiyo ile 400,000 waliyokutajia kwenye simu, ikishapita kote huko, ni 192,000. Hapo nimechukulia kwamba mshahara wote ni wa msingi, na kwa hiyo swali lako la kwanza kwao liwe hilo: msingi ni kiasi gani, posho ni kiasi gani? La pili, bima ya afya inabeba familia au wewe peke yako? La tatu, Sengerema na Geita unakwenda kwa usafiri wa nani? Ukitumia gari lako na mafuta yako, hiyo 192,000 itaishia barabarani.

Sisemi ni ndogo. Na ile 40,000 inayoongezeka NSSF haijapotea, ni yako, na mwajiri naye anaweka sehemu yake. Ila iite kwa jina lake halisi unapoamua.

Mleta mada, Mkolani

Kaka, ahsante sana. Kichwani nilikuwa na 400,000 kamili, nilishaanza hata kuipangia. Bodi bado wananidai. Na kuna kitu sikukisema: nina mkopo wa wafanyakazi, imebaki kama milioni 18.

Aliyejenga Buswelu

Hapo kwenye mkopo wa wafanyakazi ndipo nilipoumia mimi, kwa hiyo soma taratibu.

Sisi watu wa benki tunakopa kwa riba ambayo mteja wa kaunta hawezi kuipata. Yangu ilikuwa asilimia 6 kwa mwaka. Nilichukua, nikapandisha nyumba Buswelu, nikafika kwenye lenta. Ofa ikaja nikaruka nayo. Mkataba wa mkopo ulikuwa na kifungu kilichosema mtumishi akiacha kazi, mkopo unageuka kuwa wa kibiashara au unalipwa wote. Nilikisaini mwenyewe kile kifungu. Nilikuwa sikumbuki hata kama kipo.

Na mimi salio langu lilikuwa milioni 18, miezi 48 imebaki. Kwa asilimia 6 rejesho lilikuwa kama 423,000 kwa mwezi. Lilipogeuzwa kuwa asilimia 16 likapanda hadi 510,000. Tofauti ni 87,000 kila mwezi kwa miaka 4. Nyongeza niliyohamia nayo karibu nusu ilirudi kulekule nilikotoka.

Nenda kausome mkataba wako leo, usingoje Jumatatu. Kisha waulize waajiri wapya kama wana utaratibu wa kununua mkopo, au kama benki yao inaweza kukupa riba ya chini. Mimi nilikuja kuuliza nikiwa nimeshaanza kazi, na mtu aliyeshaanza kazi habembelezwi tena.

Nyumba imeisha lakini. Tumehamia.

Dada wa kaunta, Kirumba

Mimi nilihama kwenda kwenye mshahara mdogo, na kwangu ilikuwa ofa bora. Nieleze.

Nilikuwa keshia kwa miaka 9. Asiyekaa kaunta anadhani benki ikifungwa saa kumi nasi tunaondoka saa kumi. Hesabu isipokaa sawa hakuna anayetoka. Jioni moja ilikosekana 300,000 kwenye droo yangu. Tulihesabu bando moja moja, tukarudia vocha zote, na mtoto wangu wa miezi 7 yuko kwa jirani Kirumba, ana homa, simu imefungiwa kwenye kabati kama utaratibu unavyotaka. Kifua kilikuwa kimejaa maziwa mpaka blauzi imelowa, nikavaa koti juu na kuendelea kuhesabu. Saa tatu kasoro usiku tukaiona: noti 30 za elfu kumi zilikuwa zimefungwa ndani ya bando la mwenzangu.

Hakuna aliyenifokea. Isingeonekana ningekatwa, na utaratibu huo niliukubali nilipoajiriwa. Lakini nilipomchukua mtoto usiku ule akiwa amelala na machozi yamekauka shavuni, nilijua nitaondoka. Sikuandika barua kesho yake. Nilikaa miezi 4 nikitafuta.

Nilipata kazi ya uhasibu kwenye SACCOS, chama cha akiba na mikopo, ya wafanyakazi, mshahara ukapungua kwa 90,000. Saa kumi na nusu niko nyumbani. Tena huku nimejifunza kuliko kaunta: naandaa hesabu za mwaka, nakaa na bodi, naandika taarifa zinazokwenda Tume ya Maendeleo ya Ushirika, nimeshapita kwenye ukaguzi mara mbili. Kaunta ningekaa hata miaka 20 nisiguse hata kimoja cha hivyo.

Kaka, mwulize mke wako atakuona saa ngapi ukiwa meneja wa maeneo matatu. Najua anasema nenda. Mwulize tena akiwa anajua ratiba.

Ukerewe, Nansio

Nafuatilia. Mimi nina ofa ya kutoka kisiwani kwenda mjini, mshahara uleule. Dada wa kaunta, umenigusa sana.

Aliyeondoka siku hiyohiyo, Igoma

Yangu iwe funzo kwa mwenye hasira kama nilivyokuwa mimi.

Tulipata meneja mpya wa tawi. Kikao cha saa moja na nusu asubuhi, mbele ya watu 14, akanisimamisha kwa sababu ya tageti ya akaunti na kunitolea maneno ambayo sitayaandika hapa. Mchana nilikuwa nimeshaandika barua: naacha kazi leo hii. Mfukoni nilikuwa na ahadi ya kampuni nyingine, ahadi ya simu tu. Bwana mmoja aliniambia "wewe njoo tu, nafasi yako ipo."

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema anayelipwa kwa mwezi anatoa notisi ya siku 28, na mkataba unaweza kudai zaidi. Usipozifanyia kazi siku hizo, mwajiri ana haki ya kukata mshahara wa kipindi hicho kwenye stahiki zako. Malipo ya likizo niliyokuwa nimeilimbikiza, niliyoitegemea kuvukia, yakaishia humo. Nikaenda NSSF, nikaelezwa kwamba fao la kukosa ajira ni la aliyeondolewa, si la aliyeacha mwenyewe. Kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, hali ni hiyohiyo. Na yule bwana wa simu akaanza kusema bajeti bado. Mwezi wa pili akaacha kupokea.

Miezi 5 nilikaa dukani kwa kaka yangu hapa Igoma nikipima misumari. Kaka hakuwahi kunisema hata neno moja, na hilo ndilo lililonitia uchungu.

Matusi yale sikustahili, hata leo nasema hivyo. Lakini ningeweza kuondoka kwa siku 28 nikiwa na mkataba wa kwengine uliosainiwa, na yeye angebaki na maneno yake. Kitu kingine: ukiondoka, dai cheti cha utumishi. Ni haki yako kisheria hata kama mmeachana vibaya. Mimi sikujua, nilikuja kukiandikia barua mwaka uliofuata pale mwajiri mpya alipokihitaji.

Aliyewahi kukaa kwenye kiti hicho, Sengerema

Nimeisoma mada yako mara tatu kabla ya kuandika. Kiti unachoitiwa nimewahi kukikalia, kwenye kampuni nyingine ya namna hiyohiyo. Jina sitalitaja. Nilidumu miezi 9.

Nilitoka benki kama wewe, na nilijiona naijua mikopo. Kwenye usaili waliniuliza mengi, mimi nikauliza mawili: mshahara na tarehe ya kuanza. Siku ya makabidhiano nilipewa karatasi yenye jumla ya mikopo na jumla ya wateja, nikasaini. Hiyo sahihi ndiyo iliyonimaliza.

Wiki ya pili nikaenda visiwani na kwenye mialo, kule mitumbwi inakoshusha samaki, kuonana na wateja. Kwenye mwalo mmoja orodha yangu ilikuwa na wakopaji 61, wengi wa dagaa. Nikamkuta mama mmoja anageuza dagaa juu ya nyavu, nikamwomba kadi yake ya marejesho. Akafuta mikono kwenye kanga, akaitoa kwenye mfuko wa nailoni. Ilikuwa imefutwafutwa kwa kalamu ya bluu na nyeusi mpaka karatasi imetoboka. Nikamuuliza kwa nini kila mwezi kuna wiki isiyo na rejesho. Akanitazama kama mtoto. "Baba, mwezi si unakuwa umetoka."

Wanaokaa ziwani mnajua. Dagaa wanavuliwa gizani kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali taa haiwavuti, mitumbwi inalala, na asiyevua hana cha kurejesha. Makao makuu walikuwa wameweka rejesho la kila wiki kwa nchi nzima, duka la Dar es Salaam na mtumbwi wa Sengerema sawasawa. Wiki ya mbalamwezi ikifika wengine walikuwa wanakopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba ya kuumiza, ili watulipe sisi. Halafu wiki ya giza wanamlipa kausha damu, sisi tunakosa. Ofisini hao wote walikuwa wameandikwa "wakaidi".

Hilo lingerekebishika, na nililipigania: nikaandika pendekezo kwamba marejesho yafuate mwezi wa angani. Lililonishinda ni jingine. Nilipoipanga ile orodha ya 61 kwa namba za simu, majina 11 yalikuwa na namba moja. Mwenyekiti wa mwalo hakumjua hata mmoja wao. Walikuwa wateja hewa. Afisa aliyewaandika alikuwa ameshaondoka, meneja aliyenitangulia naye alikuwa ameondoka, na kwenye karatasi ya makabidhiano ilikuwepo sahihi yangu ikisema nimepokea wateja wote.

Nilihojiwa kwa wiki 6. Nilisafishwa mwishoni, ila nilipoteza uzito na usingizi.

Kwa hiyo kabla hujawajibu, wewe ndiye uwafanyie usaili. Waombe wakuonyeshe mikopo chechefu, ile isiyorejeshwa kwa wakati, ni kiasi gani kati ya jumla, kwa kila tawi. Waulize meneja aliyepita aliondoka lini na kwa nini, na mtafute umsikie mwenyewe. Angalia kama wana leseni ya Benki Kuu, BoT hutoa orodha ya waliopewa. Angalia riba wanayotoza: ukomo ni asilimia 3.5 kwa mwezi, na wapo wanaojificha kwenye "ada ya fomu" na "ada ya usimamizi". Kisha nenda kakae karibu na ofisi yao siku ya marejesho, usijitambulishe, uwasikilize kinamama wakitoka. Nusu saa ile itakwambia kuliko barua yao ya ofa.

Na ukichukua kazi, usisaini makabidhiano siku ya kwanza. Andika: "Nimepokea orodha, nitahakiki ndani ya siku 60."

Mleta mada, Mkolani

Mkuu wa Sengerema, sina maneno. Nimepokea yote.

Walichoniambia kuhusu meneja aliyepita ni kwamba "alipata fursa nyingine". Nitamtafuta.

Dada mwanasheria, Pasiansi

Naongeza moja tu. Kampuni ikimchukua afisa mikopo wa benki mara nyingi inamtaka pamoja na wateja wake. Ukiambiwa "njoo na orodha yako", kataa. Majina, simu na hali ya mikopo ya wateja ni mali ya siri ya benki, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 jambo hilo limekuwa zito zaidi. Usijitumie hata faili moja kwenye simu yako katika wiki za mwisho. Wateja wakikufuata wenyewe kwa kuwa wanakuamini, hilo ni lao.

Aliyekataa, Nyegezi

Nizungumzie upande wa kukataa, maana wengi humu mmehama.

Ofa yangu ilikuja mwezi wa 8. Ilikuwa nafasi ya mhasibu mwandamizi huko Kahama, karibu mara moja na nusu ya mshahara niliokuwa nao. Nilikuwa nimebakiza masomo mawili ya CPA, cheti cha taaluma ya uhasibu, na mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, ilikuwa Novemba. Nikawaomba wanisubiri hadi Desemba, wakasema hapana. Nikaomba wanipe siku za mtihani na wiki mbili za kusoma, wakasema msimu wa kufunga hesabu hauruhusu.

Nilikaa na ile barua siku 5. Nilikuwa nakwenda jioni kukaa kwenye mawe upande wa Malimbe, natazama mitumbwi, narudi bila jibu. Niliwaza hivi: mshahara ule ni wa kiti kile, nikisimama haunifuati, ila CPA nitakwenda nayo popote. Nikaandika barua ya kukataa. Niliituma asubuhi, na mchana nililia chooni ofisini.

Meneja aliposikia akaniahidi nyongeza ya 150,000 ili nibaki. Kwa mdomo. Haikuja. Sikubaki kwa sababu hiyo lakini iliniuma, na ndipo nilipojua kwamba pale sina muda mrefu.

Novemba nilifanya, nikafaulu somo moja na kurudia jingine Mei. Likatoka. Miezi 14 baada ya kukataa ile ofa nilipata nafasi kwenye kiwanda cha samaki hapahapa Mwanza, mshahara ukiwa juu ya ule wa Kahama. Ila nisiwadanganye, sikujua kama itakuja. Ingeweza isije, na leo ningekuwa naandika mengine. Nilichokuwa nacho ni sababu moja yenye tarehe: nabaki hadi matokeo yatoke. Wale niliowaona wanaharibikiwa ni waliobaki bila tarehe.

Kaka, ukibaki, unabaki hadi lini, na unangoja nini hasa?

Mzee mstaafu, Bwiru

Salaam kwenu vijana. Nimefurahi mnavyozungumza kwa adabu.

Mimi nilikuwa benki ya NBC mwaka 1997 ilipogawanywa, wengine wakaenda benki mpya ya NMB, wengine wakabaki. Sisi hatukuletewa ofa, tuliletewa barua. Nilijifunza mapema kwamba baba yako wa Kwimba ana haki ya kuiheshimu benki, lakini benki nayo hubadilika. Januari 2018 BoT ilizifunga benki 5 kwa siku moja kwa kukosa mtaji wa kutosha. Kwa hiyo unakokwenda uliza habari za mtaji, na ulipo uliza pia.

Lakini nililoingilia ni pensheni. Baadaye nilifanya kazi kwa mwajiri binafsi, na kila mwezi karatasi ya mshahara ilionyesha nimekatwa. Nilipotaka kuondoka nikaomba taarifa ya michango, nikakuta miezi 14 haijafika kwenye mfuko. Nilikuwa bado ndani, kila siku napita mlangoni kwa mhasibu, kwa hiyo ililipwa yote kabla sijatoka. Mwenzangu aliyeondoka mwaka mmoja kabla yangu alifuatilia akiwa nje, akachoka.

Pensheni ya uzee inataka miezi 180 ya michango. Ukihama, namba yako ya uanachama ni ileile, mpe mwajiri mpya, usikubali kufunguliwa nyingine. Kijana, una miezi 84. Hakikisha yote ipo kabla hujapeleka barua.

Mleta mada, Mkolani

Shikamoo mzee wangu, na nawashukuru wote. Narudisha mrejesho.

Taarifa ya michango nimeipata. Miezi 2 ya mwaka wangu wa kwanza haionekani, nimeshaandika kwa ofisi ya utumishi. Mkataba wa mkopo nimeusoma: kifungu kipo, kama alivyosema kaka wa Buswelu. Nikiondoa ongezeko la rejesho kwenye ile 192,000, nabaki na kama laki moja.

Mke wangu tumekaa naye na ratiba mezani. Alinyamaza kidogo, akasema bado anaona niende, ila si kwa laki moja, na si kwa kulala Geita siku 3 kila wiki.

Jumamosi nilivuka daraja la Kigongo–Busisi nikaenda Sengerema. Nilikaa kwenye benchi la muuza chapati mbele ya ofisi yao kuanzia saa tatu hadi saa tano. Niliwasikiliza. Hawalalamikii lugha ya maafisa, na hilo nililipenda. Wanalalamikia ratiba ya wiki, vilevile. Mama mmoja alitoka akihesabu sarafu, akamwambia mwenzake wa nyuma yake kwamba giza likianza ndipo atapumua.

Meneja aliyepita nimempata. Aliniambia kazi ni nzuri na watu ni wazuri, ila hakuwahi kusikilizwa kuhusu ratiba.

Na nimegundua hapo ndipo moyo wangu ulipokuwa. Miaka 7 nimefanya kazi na watu hawa wa mialo na masoko. Ratiba ile naweza kuirekebisha, najua namna, ilimradi nipewe mamlaka. Kwenye benki nilipo sitapewa kamwe, hilo nimelikubali sasa bila chuki.

Kwa hiyo Ijumaa sikuwajibu ndiyo wala hapana. Niliwaandikia mambo matano: mgawanyo wa msingi na posho, usafiri, nafuu ya mkopo wangu, takwimu za mikopo chechefu kwa kila tawi, na kibali cha kubadili ratiba ya marejesho kwenye mialo ndani ya miezi 6 ya kwanza, kiandikwe kwenye mkataba. Manne wamejibu, na mshahara wamepandisha hadi 1,750,000. La chechefu wamesema hawalitumi kwa barua pepe, nije nikaone mwenyewe vitabu Jumatatu saa tatu asubuhi.

Barua ya notisi nimeshaiandika. Iko kwenye droo, sijaiwekea tarehe.

Aliyewahi kukaa kwenye kiti hicho, Sengerema

Ukifika Jumatatu usianze na jumla. Omba orodha ya wateja wa mwalo mmoja tu, uuchague wewe, wasikuchagulie. Ipange kwa namba za simu.

Nitakuwa hewani siku nzima. Nipigie ukiwa humohumo ndani.